Mtu wa Nne: John Deacon na Kazi ya Besi

Hotuba kwa wanamuziki vijana, Unguja

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Walioniita waliniambia wanataka mazungumzo kuhusu Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Kwa kuwa tuko Unguja, nilijua hapo hapo wanamtaka nani. Wanamtaka Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa hapa Septemba 5, 1946, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Makumbusho yake yapo Mji Mkongwe tangu mwaka 2019, watalii wanapiga picha mlangoni kutwa, na waongoza watalii wanaieleza habari yake hata wakiwa usingizini. Freddie ana watu wa kumsemea. Mimi leo nimekuja na mtu mwingine wa bendi ile ile, ambaye nikitaja jina lake nusu ya ukumbi huu itauliza ni nani. John Deacon. Mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito ya chini.

Wazee wa kidumbak, muziki wetu wa harusini, waliomo humu hawatahitaji maelezo mengi. Kwenye kidumbak kuna fidla, kuna vidumbak vyenyewe, kuna mkwasa na cherewa, na kuna sanduku. Watu wanamtazama mpiga fidla. Lakini mpiga sanduku akikosea, au akienda kunywa maji, wachezaji wanabaki wamesimama hawajui kiuno wakipeleke wapi. Basi ndiyo besi hiyo. Vijana mnaojifunza gitaa hapa, na nimewauliza wengi, wote mnataka solo. Mkikosa solo mnachukua rithimu. Besi anapewa aliyechelewa kufika.

Na kweli, Deacon alifika wa mwisho.

Alizaliwa Leicester, katikati ya Uingereza, Agosti 19, 1951. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima, akafariki John akiwa na miaka kumi na moja hivi. Kabla ya hapo baba na mwana walikuwa na mapenzi mamoja: vyombo vya umeme. Mtoto alikuwa na mashine ya kurekodi ya kanda kubwa zile za kuzunguka, akaichokonoa mpaka akaweza kurekodi nyimbo moja kwa moja kutoka redioni. Gitaa lake la kwanza alilinunua kwa pesa alizopata kwa kusambaza magazeti alfajiri. Mwaka 1965, akiwa na miaka kumi na minne, aliingia bendi ya vijana wa mtaani kwao iliyoitwa The Opposition, na humo alianza kama mpiga rithimu. Baadaye kidogo mpiga besi wao alionekana hawezi kazi, akaondolewa, na Deacon akahamia kwenye nyuzi nne za besi. Hakuna aliyelia wala kupiga makofi. Ilikuwa pengo, akaliziba.

Mwaka 1969 alikwenda London kusoma elektroniki Chelsea College. Nataka mlishike hili la elektroniki maana litarudi. Huko London, Freddie Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na bendi yao ya Queen tayari, na tatizo lao lilikuwa moja: wapiga besi hawakai. Walijaribu mmoja, wakajaribu wa pili, wakajaribu wa tatu. Mwanzoni mwa 1971 wakakutanishwa na kijana mmoja mkimya kwenye disko, wakamwita aje kujaribiwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo kuliko wote. Alikuja, akapiga, hakusema mengi. Walivyoeleza wenyewe baadaye, mambo mawili yaliwavutia zaidi ya ufundi wa vidole: kwamba hakuwa na makelele, na kwamba alijua kutengeneza vyombo vikiharibika. Hebu fikirieni bendi yenye Freddie, May na Taylor chumba kimoja. Watatu hao wote walikuwa na la kusema kwa kila jambo. Wa nne kama wao angeivunja bendi kabla ya rekodi ya kwanza.

Kwenye albamu hiyo ya kwanza, ya mwaka 1973, jina lake limeandikwa kinyumenyume: Deacon John. Wenzake waliona linavutia zaidi hivyo. Hakugombana nao. Alisubiri albamu ipite, akaomba jina lake lirudishwe lilivyo, na likarudishwa. Tabia yake nzima imo humo.

Sasa nirudi kwenye elektroniki. Siku moja, miaka ile ya mwanzoni, Deacon alikuwa anatembea London usiku, akaona nyaya zinaning'inia kwenye kontena la taka barabarani. Ninyi mngepita. Yeye alivuta, akakuta kipande cha saketi ya redio, akakibeba nyumbani. Akakitia ndani ya boksi dogo la spika, lile la kuweka kwenye rafu ya vitabu, akaliunga na betri ya volti 9. Hakuweka kitufe cha kuongeza sauti, hakuweka kitufe cha kurekebisha besi wala cha kitu kingine chochote. Unachomeka gitaa, linalia. Alikitaka kwa mazoezi ya nyumbani tu. Brian May alipokisikia hakukiachia tena. Kwa kijisanduku kile May alirekodi magitaa yanayolia kama matarumbeta, kama fidla, kama kundi zima la wapuliza vyombo. Sikilizeni wimbo "Good Company" wa mwaka 1975 mtasikia bendi ya jazi ya kizamani, klarineti na trombone, na humo ndani hamna klarineti wala trombone. Ni gitaa na uchafu wa Deacon. Chombo hicho mpaka leo kinaitwa Deacy, kwa jina lake la utani, na mafundi wamehangaika miaka kukiiga. Walipochunguza saketi ile ilitoka wapi, walikuta ni ya redio ndogo ya aina ya Supersonic, iliyotengenezwa kusini mwa Afrika huku kwetu. Mafundi redio wa Darajani watafurahi kusikia hilo.

Kuhusu utunzi nitasema kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wanapomdhulumu. Queen ilikuwa bendi ambayo wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma, jambo ambalo ni adimu. Deacon alitunga chache kuliko wenzake, na kwenye rekodi hakuimba. Alisema mwenyewe kwamba sauti hana. Kwa hiyo kila alichotunga ilimlazimu akipeleke kwa Freddie, amwimbie kwa namna hiyo hiyo isiyo na sauti, Freddie akitie uhai. Wimbo wake wa kwanza uliingia kwenye albamu ya tatu, mwaka 1974, ni mfupi na haukumtikisa mtu.

Wa pili ulikuwa "You're My Best Friend". Alikuwa ameoa Januari 1975, na wimbo ni wa mkewe. Wakati ule alikuwa anajifunza piano ya umeme aina ya Wurlitzer. Freddie hakuipenda hata kidogo. Aliona ni kidude kisicho na adabu, na yeye piano kubwa ipo, kwa nini ahangaike? Akakataa kuipiga. Deacon akaichukua nyumbani, akajifunza, akautunga wimbo juu yake, akarudi studio akaipiga mwenyewe. Kinachosikika pale mwanzoni kinanguruma kidogo chini chini, si piano na si gitaa, ndicho hicho kidude. Ulifika namba 7 kwenye orodha ya nyimbo zinazouzwa Uingereza mwaka 1976. Ni wimbo wa mtu aliyeoa na ametulia, hakuna machozi, hakuna usaliti, na nyimbo za namna hiyo ni ngumu kutunga kuliko za kuachwa. Watunzi wetu wa taarabu mnaopenda mipasho nawatazama.

Halafu ukaja mwaka 1980.

Kabla ya hapo Deacon alikuwa New York akishinda studio na watu wa Chic, bendi ya disko ya Marekani. Bernard Edwards, mpiga besi wao, alikuwa ametoka kupiga mstari wa besi uliokuwa unachezwa kila klabu duniani. Queen walikuwa bendi ya roki ya magitaa mazito, na mashabiki wa roki wakati ule Marekani walikuwa wanachoma sahani za disko hadharani. Deacon hakujali. Tangu shuleni alikuwa mpenzi wa muziki wa soul. Alirudi kwenye studio ya Musicland, Munich, na mstari mmoja wa besi.

Naomba kijana wa besi anisaidie hapa. Piga E, uzi mnene, wazi. Mara tatu, kila moja imesimama peke yake. Sasa nyamaza. Umesikia? Wote mmeinua vichwa. Zile noti tatu hazina maajabu, mtoto wa siku mbili kwenye gitaa anazipiga. Ufundi uko kwenye kile kimya baada yake. Mpiga besi mwingine angeona pengo lile akaliona aibu, akalijaza vinoti. Deacon aliliacha wazi kwa makusudi, na mguu wa msikilizaji ndio unaolijaza. Ndio "Another One Bites the Dust" huo.

Roger Taylor aliambiwa azibe ngoma zake kwa mablanketi ili zitoe mlio mkavu, usio na mwangwi, kisha kipande kifupi cha ngoma kikakatwa kwenye kanda na kuzungushwa kirudie na kurudia. Mpiga dramu wa roki ukimwambia hivyo umemtukana. Taylor hakuficha kwamba haupendi. Deacon alipiga besi, akapiga na gitaa la rithimu, akaweka na vitu vya piano vilivyogeuzwa vikapigwa kinyume. Aliyeuelewa mapema ni Freddie. May amesimulia kwamba Freddie aliuimba mpaka koo likatoka damu. Hata hivyo hawakufikiria kuutoa kama singo. Michael Jackson alikuja kuwatazama Los Angeles, akawaambia wana wazimu kama hawautoi. Wakautoa. Vituo vya redio vya Wamarekani weusi vikaupiga kutwa, wasikilizaji wengi wakidhani ni bendi ya weusi wenzao. Oktoba 1980 ulishika namba 1 Marekani na kukaa wiki tatu. Bendi ile ilipata namba 1 mbili tu Marekani katika maisha yake yote, na moja ni hii ya mtu asiyeimba.

"Under Pressure" nitaipitia haraka kwa sababu wenyewe wanabishana. Ni mwaka 1981, Montreux, Uswisi, wako na mwimbaji David Bowie studio. Deacon akakokota mstari wa besi, noti chache tu, wote wakasema huo huo. Wakaenda kula. Waliporudi Deacon ameusahau! Taylor akaukumbuka, na Bowie naye akaingilia mkono kuhusu namna ya kuupiga. Nani mwenye nao hasa? Waulizeni wanasheria. Ninachojua ni kwamba mwaka 1990 kijana wa Kimarekani aliyejiita Vanilla Ice aliuchukua mstari ule akaufanyia rapu, na mwishowe ilibidi alipe. Hakuna aliyeiba gitaa la Brian May wala sauti ya Freddie. Waliiba besi.

Lipo jambo moja nisingependa kulisema, lakini hadhira ni ya Waafrika na nitakuwa mnafiki nikiliruka. Mwaka 1984 Deacon alitunga "I Want to Break Free". Wengi wanakumbuka video yake, wanaume wanne wamevaa nguo za kike, Deacon kama bibi kizee wa Kiingereza mwenye kofia, amenuna. Waingereza walicheka, Wamarekani hawakucheka, na soko la Marekani likawaponyoka. Lakini kusini mwa Afrika wimbo ule ulichukuliwa na watu waliokuwa wanapigania uhuru. Wafuasi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliuimba kama wimbo wao. Na mwaka huo huo, Oktoba, Queen walikwenda kupiga Sun City, kwenye kile kinchi cha bandia cha Bophuthatswana kilichoundwa na serikali ya makaburu, wakati wanamuziki wa dunia walikuwa wamekubaliana wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa na kwamba wanampigia yeyote anayetaka kusikiliza. Nchi hii iliwapa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule. Sisi utetezi ule hatuwezi kuupokea. Deacon alikuwa mmoja wa wanne na alipanda jukwaani kama wenzake. Ukimya si kila mara ni sifa.

Haya, Live Aid, tamasha la kuwachangia wenye njaa Ethiopia. Julai 13, 1985, uwanja wa Wembley, dakika zipatazo ishirini ambazo watu wanazitaja mpaka leo kama onyesho bora la roki kupata kutokea. Nendeni mkaangalie orodha ya nyimbo walizopiga. Wa Deacon haumo hata mmoja. Yeye amesimama karibu na ngoma, anayumba yumba, anashikilia. Mapema siku hiyo wanamuziki walipangwa wasalimiane na Mwanamfalme Charles na Diana. Deacon aliona haya. Akamtuma fundi wake wa vyombo asimame kwenye mstari mahali pake, na fundi akashikana mikono na Diana. Binafsi nampenda sana kwa hilo.

Onyesho la mwisho la wote wanne pamoja lilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986. Novemba 24, 1991 Freddie alifariki kwa maradhi yaliyotokana na Ukimwi. Kuna watu humu wanajua maana ya kuuguza rafiki anayeficha. Bendi ilijua, ikanyamaza, ikafanya kazi naye studio mpaka nguvu zilipomwishia. Aprili 20, 1992 walimfanyia tamasha la kumbukumbu Wembley, na Deacon alipiga na wenzake. Baada ya hapo ilionekana wazi kwamba kitu kimekatika ndani yake. Alisaidia kumalizia albamu ya 1995 iliyotumia sauti alizoacha Freddie. Januari 1997, Paris, walipiga wimbo mmoja na Elton John kwenye onyesho la dansi la kundi la Béjart. Huko ndiko alikopigia mbele ya watu kwa mara ya mwisho. Mwaka huo huo wakarekodi wimbo mmoja wa kumuaga Freddie, na Deacon akaweka gitaa chini. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

May na Taylor waliendelea. Wametafuta waimbaji wengine, wamejaza viwanja, wamepata wasikilizaji ambao Freddie alikufa hawajazaliwa. Sina neno nao. Muziki ni wao pia. Lakini Deacon alionyesha kwamba kwake Queen bila Freddie haipo, na mwaka 2001, mwimbaji Robbie Williams alipoutoa "We Are the Champions" pamoja na May na Taylor, Deacon alisema gazetini bila kuficha kwamba hakuupenda. Mwaka huo huo Queen waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la roki, Marekani. May na Taylor walikwenda. Deacon hakwenda. Mwaka 2003 bendi nzima iliingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo, bendi ya kwanza kupewa heshima hiyo kwa pamoja, na yeye ni mmoja wa wanne hao, awepo asiwepo.

Watu wanapenda kumfanya kisa cha huzuni, mtu aliyevunjika akajifungia ndani. Mimi nakataa. Ana watoto sita, na aliwalea. Vijana mnaosaini mikataba msikilize hili: Deacon tangu zamani ndiye aliyekuwa anasoma hesabu za bendi. Meneja akileta karatasi, wenzake wanatafuta kalamu, yeye anatafuta kosa. Wale wenzake wawili wamesema zaidi ya mara moja kwamba hata baada ya kustaafu mambo ya fedha bado yanapita kwake, na asipopinga wanahesabu amekubali. Wangapi kati yetu tunajua nyimbo zetu zimesajiliwa kwa jina la nani? Wapo wanamuziki wa dansi hapa nchini nyimbo zao zinapigwa kila harusi na hawana hata pesa ya nyuzi.

Nimeambiwa nimebakiwa na dakika mbili, na bendi ya vijana iko tayari pembeni. Watapiga nyimbo tatu, zote za Deacon. Wataanza na "You're My Best Friend". Wurlitzer tumeitafuta mji mzima hatukuipata, kwa hiyo kijana atapigia kinanda cha kawaida, msimlaumu. Ahsanteni sana.